Gwaride nalipenda, ila majeraha yameandikwa wapi?

Mi ni mtu wa magwaride na sifichi. Bendi ikianza, buti zikitua chini kwa pamoja, yule mtoa amri akivuta sauti mpaka unamhurumia koo, basi mi nywele zishasimama, na wakipita wapiganaji wa zamani na nishani zao kifuani, mgongo umepinda lakini mkono bado unapishana na mguu kama walivyofundishwa depo, hapo ndo kabisa machozi yako karibu. Kwa hiyo mtu asisome hii posti akadhani nimekuja kuponda sherehe. Sema kadri ninavyozidi kusoma habari za wanajeshi waliorudi kutoka vitani naona gwaride peke yake halikwambii kitu. Linaanza kukwambia kitu ukiuliza nani kapangwa mbele, nani kaambiwa abaki nyumbani, na wale walioumia, kuumia kwao kumeandikwa kwenye karatasi gani. Hilo la karatasi linaonekana dogo, la kimakarani tu, ila kwangu ndo lenyewe.

Kuna mtu mmoja habari yake haijanitoka kichwani tangu niisome, Henry Johnson. Mmarekani mweusi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa anabeba mizigo ya abiria stesheni ya treni huko Albany, jimbo la New York. Akajiunga na kikosi cha weusi watupu ambacho baadaye kikajulikana kama Regimenti ya 369. Mwaka 1917 wanajeshi wa New York wanaagwa kwa gwaride kubwa kwenda vitani, hawa wakakataliwa kuwemo. Walipofika Ufaransa jeshi lao wenyewe halikuwa na hamu ya kupigana nao bega kwa bega, wakakabidhiwa kwa Wafaransa, wakavaa helmeti za Kifaransa na kushika bunduki za Kifaransa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918 Johnson alikuwa lindoni na mwenzake Needham Roberts, kundi la Wajerumani likawavamia. Roberts akaumia mapema. Johnson akarusha mabomu ya mkono, akapiga risasi mpaka bunduki ikagoma, akaigeuza rungu, ilipovunjika akamalizia na kisu, na hakukubali mwenzake achukuliwe mateka. Alitoka pale na majeraha 21. Ishirini na moja, mtu mmoja, usiku mmoja.

Wafaransa wakampa nishani yao, Croix de Guerre. Tarehe 17 Februari 1919 kikosi kimerudi New York na safari hii wakapata gwaride la kwao wenyewe, wanaume kama 3,000 wanapanda Fifth Avenue mpaka Harlem, bendi ya James Reese Europe ikipiga, watu wamejaa barabarani mpaka madirishani. Johnson hakutembea, mguu ulikuwa umesagika, walimpandisha gari la wazi akawa anapungia umati. Lilikuwa gwaride zuri na sidhani kama kuna mtu atabisha.

Sasa ile hati yake ya kuachiwa jeshini. Haikutaja jeraha hata moja! Yaani mtu kapandishwa gari kwa sababu hawezi kutembea, mji mzima umemuona, magazeti yameandika, afu karani aliyejaza fomu hakuandika kwamba huyu mtu aliumia. Kazi ya kubeba mizigo kwa mguu ule ikamshinda, ndoa ikavunjika, pombe ikaingia. Mwaka 1927 ndo ofisi ya maveterani ikamtambua kuwa mlemavu wa kudumu, na sababu waliyoandika ni kifua kikuu. Akafa 1929. Nishani ya Purple Heart, ile wanayopewa waliojeruhiwa, ilitolewa kwa ajili yake 1996, na Medal of Honor, ambayo ndo ya juu kabisa kwao, 2015, na kufikia hapo ilibidi apokee mtu mwingine kwa niaba yake maana mwenyewe alishakuwa kaburini miaka 86.

Nimeikalisha hii habari juu hapa makusudi, maana watu wengi wakiongelea kuwaenzi wapiganaji wanadhani tatizo ni kwamba jamii haishangilii. Johnson alishangiliwa sana tu. Kilichomkosesha ni mstari mmoja kwenye fomu.

Na karatasi hata ikiandikwa vizuri bado inaweza kukukimbia. Tarehe 12 Julai 1973 jengo linalotunza mafaili ya wanajeshi wa Marekani huko St. Louis lilishika moto, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, na kwa waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960 karibu asilimia 80 ya kumbukumbu zao zikaenda. Hebu fikiria we ni mzee una kipande cha chuma kwenye nyonga tangu vitani, unaenda kuomba matibabu unaambiwa faili lako liliungua. Watu wakaanza upya kabisa, kutafuta barua za hospitali, picha za zamani, na zaidi ya yote maandishi ya wenzao waliokuwepo, yaani fulani anaandika na kusaini kwamba nilikuwa naye siku ile, nilimuona anabebwa. Hiyo ya ushahidi wa mwenzako mpaka leo ni kitu kizito kwenye madai ya namna hii. Kwa hiyo kama kuna mstaafu kwenu aliyeumia akiwa kazini na wenzake bado wako hai, msisubiri msiba ndo muanze kusimuliana, andikeni sasa hivi, tarehe, mahali, nani alikuwepo, saini, na kopi ziwe zaidi ya sehemu moja.

Wafaransa, kwa mabaya yao yote (na nitayafikia), hapa kuna kitu walikipatia. Sheria yao ya pensheni ya tarehe 31 Machi 1919 iligeuza mzigo. Ukitoka vitani na ugonjwa au jeraha, sheria inachukulia kwamba limetokana na utumishi, na serikali ikibisha ni yenyewe itafute ushahidi. Mambo ya fomu hayasisimui, najua, hamna bendi itakayopiga kwa ajili ya kifungu cha sheria, lakini hebu weka kifungu hicho mbele ya Henry Johnson uone maisha yake yangekuwaje.

Na mwaka huohuo, tarehe 14 Julai 1919, wakafanya gwaride la ushindi Paris. Majemadari walikuwepo, Foch na Joffre juu ya farasi, kila jeshi la washirika limeleta watu wake, ila hao hawakufungua gwaride. Waliotangulia ni waliolemaa, kama elfu moja hivi, waliokatika miguu wanajikongoja na magongo, vipofu wameshikwa mkono, wengine wanasukumwa kwenye viti vya magurudumu, na wala hawakuwa kwenye mistari iliyonyooka, maana utanyoosha vipi mstari na watu wa namna ile. Wanaoeleza siku ile wanasema kelele za umati zilibadilika walipopita hao. Wiki mbili kabla, kwenye kusaini mkataba pale Versailles tarehe 28 Juni, waziri mkuu wao Clemenceau alikuwa ameshawaita wanajeshi watano walioharibika nyuso kabisa wawepo ukumbini. Unaweza kusema aliwatumia kuwasuta Wajerumani, na ni kweli ilikuwa siasa. Bado naona bora kutumiwa hivyo kuliko kufichwa.

Maana kufichwa kulikuwepo, tena hapo jirani tu. Sidcup, Uingereza, kulikuwa na hospitali iliyofunguliwa 1917 ambako dokta Harold Gillies alikuwa anatengeneza upya nyuso za askari, pua inajengwa kwa nyama ya paji la uso, taya linaungwa kwa mfupa wa sehemu nyingine, mtu mmoja anapasuliwa mara nyingi kwa miaka. Upasuaji wa kurekebisha maumbile wa leo una deni kubwa pale. Lakini kwenye barabara ya kutoka hospitalini kwenda mjini mabenchi kadhaa yalipakwa rangi ya bluu, ili mwenyeji akiona benchi la bluu ajue anaweza kukutana na uso utakaomshtua. Mtu kapoteza taya kwa ajili yako, we unapakiwa benchi rangi usishtuke. Wale wa Ufaransa waliungana 1921 wakaanzisha chama chao cha waliojeruhiwa usoni, na pesa ilipokuwa ngumu 1931 wakaanzisha bahati nasibu wakaiita Deni, na serikali kuona inalipa nayo ikaanzisha bahati nasibu ya taifa 1933. Jina lile nimelipenda sana, halina hata chembe ya kuomba.

Mkitaka kujua sherehe ikikosewa inakuwaje, kuna mji wa Luton, Uingereza, siku tano tu baada ya lile la Paris. Tarehe 19 Julai 1919 nchi nzima inasherehekea amani. Askari waliotoka jeshini waliomba bustani ya Wardown wafanye ibada ya kuwakumbuka wenzao waliokufa, halmashauri ikawakatalia, huku wakubwa wa mji wamepanga karamu ambayo askari wa kawaida hakuwemo. Gwaride likapita, hasira zikapanda, usiku wakaichoma ofisi ya halmashauri mpaka ikabaki kuta, na kuna piano zilitolewa dukani zikaburutwa barabarani watu wakaimba nyimbo za vitani moto ukiwaka. Sisifii uchomaji. Ila kumwalika mtu ashangilie ushindi alioulipia yeye, afu chakula anakula mwingine, sijui walitegemea nini.

Afrika sasa, na hapa ndo panaponiuma. Tarehe 28 Februari 1948 mjini Accra, wanajeshi wastaafu wa Gold Coast (ndo Ghana ya leo), wengi wao walipigana Burma dhidi ya Wajapani, waliandamana kwa amani kupeleka barua kwa gavana kwenye ngome ya Christiansborg. Walikuwa wanadai walichoahidiwa, malipo, ajira, kurudishwa kwenye maisha. Ukiliangalia vizuri lile nalo lilikuwa gwaride, watu walewale waliofundishwa kutembea kwa mistari, tofauti ni kwamba hili walilipanga wenyewe na mkononi wana barua. Polisi wakawazuia njiani, afisa wa kizungu akafyatua, wakafa watatu, Sajenti Adjetey, Koplo Attipoe na Praiveti Odartey Lamptey. Mji ukawaka, na wanaoijua historia ya Ghana watakwambia kuanzia siku ile mpaka uhuru wa tarehe 6 Machi 1957 ni mstari mmoja. Wameokoka vitani Asia wakaja kupigwa risasi kwao wakiwa na barua!

Na kabla ya Accra ilikuwa Thiaroye, nje kidogo ya Dakar, tarehe 1 Desemba 1944. Askari wa Afrika Magharibi walioipigania Ufaransa, wakatekwa na Wajerumani 1940, wakakaa mateka miaka minne, wanarudi wanadai mishahara yao ya nyuma, jeshi la Ufaransa likawamiminia risasi kambini. Ufaransa kwa miaka mingi ilisema waliokufa ni 35 na wanahistoria wengi wanasema ni zaidi sana, na ilichukua mpaka 2024 ndo rais wa Ufaransa akakiri kwa maandishi kuwa yalikuwa mauaji ya halaiki. Hapo ndo pale niliposema mabaya yao nitayafikia. Halafu walionusurika, na wengine wote wa makoloni, sheria ya 1959 ikagandisha pensheni zao, nchi yako ikipata uhuru basi kiwango chako kinabaki palepale huku Mfaransa mliyelala naye handaki moja chake kinapanda mwaka hadi mwaka.

Gwaride la kuomba radhi, tuliite hivyo, lilikuja tarehe 14 Julai 2010. Wanajeshi kutoka nchi 13 za Afrika zilizokuwa makoloni ya Ufaransa walipita Champs-Élysées, nchi hizo zikitimiza miaka 50 ya uhuru. Wengine walilisema vibaya sana, kwamba ni ukoloni umevalishwa suti, na hoja wanayo. Lakini siku moja kabla, Sarkozy, rais wa Ufaransa wakati huo, alitangaza kwamba pensheni za wapiganaji wa zamani zitasawazishwa, wa Dakar na wa Lyon wapate sawa. Kuchelewa kwake ni aibu, wengi walishazikwa, miaka 51 imepita. Ila angalau safari hii ngoma ilipigwa na pesa ikatajwa, na mi kipimo changu ndo hicho.

Huku kwetu Afrika Mashariki hesabu ni mbaya kwa namna yake, maana hata majina hayapo. Wapagazi waliobeba risasi na unga kwenye kampeni ya 1914 mpaka 1918, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, wengi hawakuandikwa popote. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti 2021 ikakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na inawezekana mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tume yenyewe ilianzishwa 1917 kwa msimamo kwamba wafu wote ni sawa! Zile sanamu za askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ni nzuri, nimeziangalia sana, lakini sanamu haina pensheni wala haijui jina la mtu.

Tanzania kila tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, na kuna kitu ndani ya ile shughuli nakipenda kwa sababu ileile ya nani yuko mbele. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, na mwakilishi wa wapiganaji wastaafu naye anapanda mwenyewe anaweka shoka. Hakai tu kwenye tenti kuangalia anavyokumbukwa, ana kazi yake pale. Kitu kidogo, ila najua sherehe nyingi ambazo mstaafu kazi yake ni kupigwa picha tu.

Kuna mzee mstaafu wa jeshi tunayeheshimiana sana, jina naliacha. Siku moja nikampa shikamoo, maongezi yakanoga, nikamuuliza hivi mzee nyie mkipitishwa gwarideni mnajisikiaje. Akacheka. "Mwanangu, gwaride ni kazi yetu, tukipita tutapita vizuri tu. Ila ile mizinga wangekuwa wananiambia mapema inalia saa ngapi." Nikadhani anatania. Akanieleza kwamba kila mwaka mizinga ile ikianza anakuwa ameshajisogeza mbali, mikono mfukoni, anajifanya anaenda chooni, maana ikimkuta amekaa mwili unataka kulala chini na pembeni kuna wajukuu.

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo hata siku moja. Tunamheshimu mtu aliyetoka kwenye milio ya mizinga kwa kumpigia mizinga. Na fataki ni balaa zaidi, maana mizinga ya heshima unajua itakuwa 21 itaisha, fataki za mtaani hazina ratiba. Jeraha la namna hii dunia imechelewa sana kulikubali. Neno la kidaktari la mshtuko wa makombora liliingia kwenye jarida la kitabibu 1915, dokta Charles Myers ndo aliliandika, na bado Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306 kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo, wengine unasoma kesi zao unaona wazi kabisa huyu alikuwa mgonjwa. Walisamehewa 2006. Na jeraha hili kwenye gwaride halionekani, hana gongo, hana kiti, anatembea vizuri, kwa hiyo hata lile gwaride la Paris lisingempanga mbele. Suluhisho lake la siku ya sherehe wala si gumu, tangazeni saa, wekeni sehemu ya kukaa mbali na mizinga, mkitaka kurusha fataki mtaani wapeni taarifa majirani. Suluhisho la siku nyingine 364 ndo linahitaji madaktari.

Na hapa niseme kuhusu mguu bandia, kwa sababu watu wakisikia askari kapewa mguu wanapiga makofi wanahesabu hiyo imeisha. Haijaisha! Sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa inaendelea kusinyaa miezi na miezi, kwa hiyo ile sehemu ya kuingizia, ambayo ndo roho ya mguu bandia, iliyokaa vizuri Januari inaanza kupwaya na kuchubua ikifika katikati ya mwaka, na ikichubua mtu anauvua anauweka uvunguni anarudi kwenye magongo. Inabidi ipimwe upya, itengenezwe upya. Mguu wenyewe unatumika miaka mitatu mpaka mitano hivi unachoka. Sasa kijana kakanyaga bomu la ardhini ana miaka 22, Mungu akimjalia afike 70, piga hesabu mwenyewe atahitaji miguu mingapi. Mhisani aliyekuja na kamera kampa mmoja. Halafu kuna maumivu ya mguu usiokuwepo, mtu anahisi vidole vinamuuma vya mguu uliozikwa, na wapo wanaopata nafuu kwa tiba ya kioo, unaweka kioo katikati ya miguu ukiangalia ule mzima unaakisiwa ubongo unadanganyika kwamba yote miwili ipo. Kioo ni kitu cha bei ndogo, ila anahitajika mtu wa mazoezi ya viungo wa kumuonesha jinsi ya kufanya, na huyo mtu lazima awe na mshahara mwaka huu na mwaka ujao.

Msaada mzuri kwa aliyeumia ni wa kuchosha, wa kujirudia, haupigiki picha. Na ndo maana namkubali sana Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Wanazi, Februari 1944 akapewa wodi ya waliovunjika uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule mtu wa hivyo alikuwa anahesabiwa wa kufa tu, analala mpaka vidonda vya kulalia upande mmoja na maambukizi ya njia ya mkojo vimmalize. Guttmann akaanza na vitu visivyo na sifa kabisa, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, manesi wakamchukia. Baadaye ndo michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, akawashindanisha wanajeshi 16 wa kike na wa kiume kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Kutoka pale ndo tukapata Paralimpiki, Roma 1960. Sijui kama kuna gwaride lolote la 1948 linalokumbukwa kama ule upinde.

Sasa mtu ataniuliza basi tufute magwaride tununue miguu? Hapana bwana. Wamarekani waliopigana Vietnam walirudi mmojammoja na ndege za kawaida, bila mapokezi, na miaka kumi baada ya vita kuisha New York ikawafanyia gwaride tarehe 7 Mei 1985, wakavuka daraja la Brooklyn kama 25,000, na wengi walieleza kwamba kuna kitu kilishuka mabegani siku ile. Kushangiliwa ni dawa pia. Hoja yangu ni kwamba siku ya gwaride ndo siku pekee wale watu wote wako sehemu moja, na tunawaacha wanatawanyika bila hata kuwauliza fomu zao zimefikia wapi.

Na kufanya hivyo inawezekana, imeshafanyika. San Diego, Marekani, mwaka 1988, wapiganaji wenyewe wa Vietnam waliona wenzao wanalala mitaani wakapiga mahema wakaweka kila kitu pamoja kwa siku tatu, wakaita Stand Down, jina la jeshini la kikosi kutolewa mstari wa mbele kipumzike. Unaingia unaoga, unapewa nguo, dokta wa meno yuko hapa, wa macho pale, mtu wa pensheni na fomu zake mezani, mwanasheria pembeni, na mwaka uliofuata wakaleta mpaka hakimu, maana wengi walikuwa na vikesi vidogovidogo vya kulala barabarani ambavyo ndo vinawazuia kupata nyumba na kazi. Kesi inasikilizwa hapohapo. Imeenea miji mingi tangu hapo. Mi nafikiria hema kama hilo liwekwe palepale gwaride linapoishia, mzee anamaliza kupita, badala ya chupa ya maji na picha ya pamoja anakaribishwa kiti, anaulizwa uliumia lini, wapi, nani alikuona, na yule aliyemuona yuko meza ya pili anasaini. Hilo ningelidamkia saa kumi na moja alfajiri nikapange viti, na bendi ikiwepo pia poa, sijasema waache kupiga.